Mtu Aliyetuletea Kura ya Vigae

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Waulizeni wanawake wa Minto, mtaa wetu huku ughaibuni, watawaambia: Anésie akikuta viatu katikati ya mlango, mtaa mzima utajua ni vya nani. Nimemsema padri kwa mahubiri marefu. Nimemsema fundi bomba kwa Kiingereza changu cha kuokoteza mpaka akaomba radhi. Basi mtashangaa nikiwaambia kuna jambo moja tu nililolimeza, likakaa humu kifuani, na hilo moja ndilo lililonikosesha mume. Hajafa, jamani. Yupo. Ngojeni niwaeleze.

Mume wangu anaitwa Libère Habonimana. Anaendesha forklift kwenye ghala moja kule Wetherill Park, anaingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka mchana. Ni mrefu, mwembamba, na ana tabia ya kuanza kucheka kabla hajamaliza kichekesho, kwa hiyo mwisho wa vichekesho vyake hakuna anayeujua. Tulikutana kambini Mtabila, kule Kasulu, Tanzania. Yeye alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima chini ya turubai, mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kushika kalamu. Herufi zangu zililala upande wa kushoto. Akazinyoosha weee, akachoka, akanioa. Mpaka leo zinalala.

Wagiriki waliingia nyumbani kwetu mwaka 2022 kupitia binti yetu Nella. Alikuwa darasa la kumi na moja, akachagua somo la historia ya kale. Baba yake akauliza, "Historia ya kale ya nani?"

"Greeks, Dad."

"Hao wana nini na sisi?"

Nella akainua mabega. Lakini mwalimu alikuwa amewaambia watengeneze vikadi, upande huu neno, upande ule maana yake, na mtoto akahitaji mtu wa kumshikia vikadi amuulize. Mimi nilikuwa najipikia zangu. Basi akakaa baba mtu, bado na fulana yake ya kazini ile ya kung'aa, akashika vikadi. Nella anajibu kwa Kiingereza, baba anakataa: "Kwa Kiswahili, ndipo nijue kama umeelewa." Mtoto anatafuta maneno, anagugumia, baba anamsaidia, na hivyo hivyo yule bwana akajifunza kuliko mwanafunzi mwenyewe.

Kadi ya kwanza ninayoikumbuka ni *polis*. Nella akasema ni mji. Libère akageuza kadi akasoma, akasoma tena. "Hapa wanasema si kuta wala nyumba. Ni raia wenyewe wakikaa pamoja." Akaniangalia. "Mama Nella, umesikia? Basi hata kambi ilikuwa mji." Siku nyingine ikaja *xenia*, sheria ya kumpokea mgeni: umlishe kwanza, jina umuulize baadaye. Akapiga meza. "Hao ni Warundi!" Ikaja ile ya kumwaga divai kidogo chini kwa ajili ya miungu kabla ya kunywa. Hapo alikasirika kabisa. Babu yake alikuwa akimwaga pombe ya mtama vile vile, padri akamwita mpagani, akamnyima komunyo. "Na hawa nao wanafundishwa shuleni na mtihani juu!" Ilipokuja *metoikos*, yaani mgeni aliyehamia mjini kwao, anafanya kazi, analipa kodi, hata vitani anapelekwa, ila kupiga kura hana ruhusa, aliviweka vikadi mezani. Aliinuka akaenda kabatini, akanitolea fomu ya uraia niliyoikalia miaka miwili, akaiweka karibu na sufuria. "Jaza leo," akasema.

Nilimpenda sana mwaka ule. Nataka mlijue hilo kabla sijasema mengine.

Sasa, Libère alikuwa pia mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Warundi. Jumuiya hukutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi katika ukumbi wa kanisa kule Blacktown, karibu saa nzima kwa gari kutoka kwetu. Lakini msidhani ni Jumamosi hiyo moja. Familia mpya inatua uwanja wa ndege, nani anakwenda? Libère. Mtu amepata barua ya serikali hajui inasema nini, simu inalia kwa Libère. Kitanda cha kubeba, mtoto wa kuandikishwa shule, bibi wa kupelekwa kwa daktari wa macho, Libère, Libère, Libère. Jumatatu mpaka Ijumaa ghala lilikuwa naye. Jumamosi alikuwa wa watu. Jumapili tulikuwa kanisani, na kanisani ndiko watu walikomkamata vizuri zaidi.

Mwezi wa tano mwaka huohuo nikahitimu chuo, cheti cha kuhudumia wazee. Mnajua hicho ni kitu gani kwangu? Mimi niliyejifunza herufi *a* na kijiti juu ya vumbi! Sherehe ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Nilinunua gauni la bluu. Nella alikuja. Libère alisema anapitisha friji tu kwa familia moja mpya Blacktown, kisha anakuja moja kwa moja. Wakaita jina langu, wakalikosea, nikapanda jukwaani. Nikatazama viti. Kiti chake kilikuwa na mkoba wa Nella.

Alifika saa nane mchana, jasho jembamba likimtoka, kidole kimechubuka. Friji lilikataa kupita mlangoni, ikabidi wang'oe mlango. "Nisamehe, Mama Nella. Nisamehe sana."

Nikasema, "Haina shida."

Mimi! Mimi ambaye kijiko kikilala mahali pasipo pake nasema! Sijui kwa nini. Labda kwa sababu viatu na vijiko ni maneno mepesi. Nilimpikia wali, akala akicheka habari za ule mlango, na mimi nikacheka naye. Shida ilikuwepo, tena kubwa.

Mwaka ule ule jumuiya ikaingia kwenye ugomvi. Ugomvi wa nini? Ngoma! Nani awaongoze wapiga ngoma wetu siku za sherehe. Salvator, fundi magari, mtu wa sauti nene na marafiki wengi, alitaka yeye. Libère alikuwa na mtu wake mwingine. Watu wakagawanyika, wake wakanuniana, mikutano miwili mizima ikaisha kwa kelele. Mmoja alimvutia mwenzake kiti akaketi sakafuni, watu wazima hao.

Ndipo Libère akaja mkutanoni na kikadi cha Nella mfukoni.

Akasimama akawaeleza habari za Athene. Kwamba walikuwa na dawa ya ugomvi wa namna hii. Mara moja kwa mwaka raia waliulizwa: mwaka huu tunataka kura ya vigae? Wakikubali, siku inapangwa, kila raia anakuja uwanjani na kigae cha chungu kilichovunjika, amekwaruza juu yake jina la mtu mmoja anayeona mji utatulia asipokuwepo. Kura zikitosha, aliyeandikwa na wengi anaondoka mjini kwa miaka kumi. "Hakuna kesi," akasema. "Hakuna shahidi wala matusi. Hanyang'anywi shamba wala heshima yake. Anapumzika, mji unapumzika. Miaka ikiisha anarudi nyumbani kwake, hakuna anayemuuliza neno. Ndugu zangu, si bora hivyo kuliko kurushiana viti?"

Watu walikuwa wamechoka na maneno yake ya Kigiriki. Nilikuwa nikiwasikia kwa nyuma wakimwita Bwana Polis. Lakini wazo hili walilipenda mara moja, na mimi nilijua kwa nini. Kila mmoja alikuwa ameshamwona mtu wake wa kumwandika. Na Libère wangu, masikini, alifikiri wote wanamwona Salvator.

Wakapitisha kwamba atakayeandikwa asionekane kwenye shughuli yoyote ya jumuiya kwa miaka mitatu, badala ya kumi. Mama Diane, ambaye ndiye anayeiweka sawa mikutano yetu, tena ana busara kuliko wengi, akauliza, "Huyo atakayetoka, msibani je? Msibani si ataruhusiwa?"

Libère akasema, "Hata msibani. Tukianza kutoboa sheria siku ya kwanza, itavuja yote."

Mwezi wa nane tukapiga kura. Hatukuwa na vigae, tulikata karatasi. Tulikuwa watu hamsini na nane, na ili mtu atoke lazima aandikwe na zaidi ya nusu. Nilikaa safu ya nyuma na kalamu ya kuazima. Naapa mbele ya Mungu, sikuwa nimepanga chochote. Nilikuwa naenda kuandika Salvator. Kisha nikaitazama ile karatasi nyeupe nikafikiri: akitoka Salvator, Libère atabaki mwenyekiti. Atabaki wa watu mpaka nimzike. Akitoka Libère, atakaa nyumbani Jumamosi. Miaka mitatu ya Jumamosi! Tutakwenda baharini Wollongong, tutakula samaki, atanihesabia mawimbi. Na karatasi yangu moja itabadilisha nini, watu wote hawa?

Nikaandika Libère. Nikakunja mara mbili.

Mwenyekiti ndiye aliyefungua kura. Yeye mwenyewe alisimama mbele, akatoa karatasi kwenye ndoo moja moja, akasoma kwa sauti. Salvator. Salvator. Libère. Watu wakacheka kidogo. Libère. Libère. Salvator. Libère. Kicheko kikaisha. Alivyozidi kusoma jina lake, sauti yake ilizidi kuwa ya upole, kama anasoma somo kanisani. Kisha akafungua moja, akaishika kwa mikono miwili.

Alikaa nayo. Mtu mwingine asingetambua. Lakini mimi nilikuwa najua ni karatasi ya nani, na yeye alijua, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kupambana na zile herufi. Hakunitazama. Akasoma, "Libère," akaiweka juu ya zile nyingine, akaendelea.

Thelathini na moja. Hata bila yangu angetoka. Nimejiambia hivyo mara elfu moja na haijanisaidia hata mara moja.

Salvator mwenyewe aliona haya. Nyuma yangu mzee mmoja akasema polepole, "Mchimba kisima huingia mwenyewe," na mkewe akamfinya. Libère akakabidhi ufunguo wa ukumbi, akawashukuru, akasema sheria imefanya kazi yake. Njia nzima mpaka Minto alizungumza habari za msongamano wa magari. Nilingoja aniulize. Nilisema moyoni, akiuliza tu nitamwambia yote. Hakuuliza, na mimi sikusema.

Basi nikampata mume wangu nyumbani Jumamosi. Mama weee! Nilimpata mtu anayekaa kwenye kiti cha nyuma ya nyumba na kutazama uzio. Simu haikulia tena. Nilimwambia twende Wollongong, tukaenda, tukala samaki. Alikuwa mpole. Hakuhesabu mawimbi. Nella siku moja alimshikia baba yake kikadi, kumchangamsha, akamuuliza maana ya *idiotes*. Libère akajibu bila kufikiri, "Mtu wa mambo yake mwenyewe. Hana sauti uwanjani. Ni mimi huyo." Mtoto akasema, "Dad, don't," akaviweka vikadi vyake chumbani, na baada ya hapo alisoma peke yake.

Watu walikuja kumpa pole. Mmoja akakaa sebuleni kwangu, akanywa chai yangu, akamwambia Libère kwa huruma, "Ndugu yangu, kikulacho ki nguoni mwako. Hao uliowabebea mafriji ndio waliokuandika." Mimi nilikuwa nimeshika birika. Libère akasema, "Kunywa chai, itapoa."

Mwaka wa pili akafariki Bibi Darlène. Huyu hakuwa ndugu wa damu, lakini mama yake Libère alipokufa kambini, Bibi Darlène ndiye aliyemchukua akamlea pamoja na wanawe. Alimwita Libère "kitinda mimba wangu" hata alipokuwa na mvi. Jumuiya ilituma Mama Diane kuja kumwambia Libère sheria imewekwa kando, aje amlilie mama yake. Akamjibu, "Sheria niliileta mimi, Mama Diane. Nikiivunja kwa msiba wangu, nitawaambia nini wenye misiba yao?" Nilimshika mkono, nikamwambia acha ukaidi, mwanamume wee, huyo ni mama yako! Akavaa suti nyeusi. Akaendesha gari mpaka Blacktown, akaegesha ng'ambo ya barabara mbele ya kanisa, akazima injini.

"Ingia wewe," akasema.

Nikaingia. Tukaimba, tukalia, watu wakanikumbatia. Nilipotoka na sahani ya wali nimpelekee, nikamkuta amekaa vile vile, mikono kwenye usukani, shati limelowa machozi mpaka kwenye tai. Akaikataa sahani. Chakula cha msiba ni cha waliohani, akasema, na yeye hakuhani. Kesho yake alinipeleka makaburini tukiwa wawili tu. Alifungua chupa ya bia, akamwaga kidogo juu ya udongo mpya, akanywa funda moja, akarudisha kifuniko. Pale ndipo ilipokuwa saa yangu ya kusema. Mdomo niliufungua. Nikamwambia kuna upepo, afunge koti.

Wengine walisema ana kiburi. Mimi nilikuwa najua anasubiri nini, na kila siku niliyochelewa iliifanya siku inayofuata kuwa nzito zaidi, mpaka ikawa siwezi kabisa kuinyanyua.

Mwezi wa nane uliopita miaka mitatu ikatimia. Jumamosi ile ile wakaja watu watatu: Salvator, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, Mama Diane, na mumewe. Walibeba kreti ya bia na nyingine ya Fanta, kwa sababu kwetu huendi kumrudisha mtu mikono mitupu. Salvator hakukaa mpaka alipomaliza kusema. "Mzee Libère, tumekuja kukuchukua. Tulikosea. Familia zikija siku hizi zinakaa uwanja wa ndege masaa, hakuna anayejua zamu ni ya nani. Jumuiya imekuwa ukumbi wenye viti tu. Uturudie."

Nilikuwa mlangoni mwa jikoni na trei ya glasi. Nikasema, Mungu wangu, akirudi kwao labda atarudi na kwangu.

Libère akawashika mikono wote watatu. Akasema, "Karatasi zilikuwa thelathini na moja. Thelathini zilinitoka moyoni siku nyingi. Sina neno na mtu yeyote wa jumuiya, na wewe Salvator umeiongoza vizuri, usijidharau."

Salvator akashusha pumzi, akacheka. "Na hiyo moja iliyobaki, mzee?"

"Hiyo si ya jumuiya," akasema Libère. "Kurudi, sitarudi. Nimeshazoea nyumbani."

Niliweka trei mezani nikaanza kugawa glasi. Mama Diane alinitazama, akainamisha macho haraka. Walikunywa, wakaaga.

Nilipofunga mlango nilibaki nimeushika. Nikasema bila kugeuka, "Baba Nella, mimi ndiye niliyeandika."

"Najua."

"Nilitaka ukae nyumbani. Nilikuwa nimechoka kukukosa. Siku ile ya cheti changu nilitazama kiti chako..."

"Hilo pia najua sasa. Nimekuwa na muda wa kufikiri."

"Nisamehe, Libère. Kwa ajili ya Mungu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele, kelele mimi ninaziweza. "Ulimsema padri," akasema. "Ulimsema fundi bomba. Hukuona kitu ukakinyamazia. Ungeniambia mara moja tu, 'Libère, baki nyumbani.' Ningeliacha lile friji barabarani, Anésie. Ningekuja mbio na mikono michafu. Lakini mimi uliniandika, kama wanavyoandikwa watu wasiozungumza tena."

Nililia pale mlangoni mpaka nikakaa chini. Alinisaidia kuinuka, akaniletea maji. Hajaniacha, wala hataniacha, si mtu wa namna hiyo. Jumamosi zote yuko nyumbani. Analala kitanda kimoja na mimi, ananiuliza kazi ilikuwaje, mkono wangu ukiuma anausugua kwa dawa. Ila mezani ameanza jambo jipya. Nikimwekea chakula anasema asante. Kila sahani, asante, Mama Nella, kilikuwa kitamu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa hakuwahi kuniambia asante hata siku moja. Alikuwa anakula tu, anaongea na tonge mdomoni, anacheka.